Usiufute Mchirizi, Usome Kwanza

Hotuba kwa wafanya usafi wa majengo, Dar es Salaam

Shikamooni wakubwa zangu. Vijana, habari za mchana. Mama zangu mliopanda daladala ya saa kumi na moja alfajiri kutoka Mbagala na Gongo la Mboto, mkapiga deki kwanza ndipo mkaja hapa, poleni sana na kazi. Wasimamizi mliokaa huku mbele, ahsanteni kwa kuwaruhusu watu wenu waache ndoo nusu siku. Sasa ni saa sita na dakika chache. Kumbukeni saa hiyo, nitairudia mwishoni.

Nimeombwa niseme juu ya michirizi kwenye vioo. Nilipoambiwa mada nilifurahi, kwa sababu katika kazi yetu hii sijaona kitu kinachomtesa mtu mwenye bidii kama mchirizi. Sakafu ukiipiga deki haraka haraka itakauka na watu watapita juu yake. Kona ya choo ukiisahau, huenda hakuna atakayeinama kuitazama. Kioo hakikusetiri. Jua likikipiga saa nne asubuhi, kila ulipopitisha mkono panaonekana, na bosi anaona akiwa bado ndani ya gari.

Nianze na la kwangu.

Mwaka 2004 nilikuwa mgeni kwenye kazi hii, katika jengo moja la maofisi hapa mjini. Nilipewa vioo vya mapokezi. Nilikuwa nasugua kwelikweli, jamani, mpaka bega linauma. Lakini kila nikivuta raba, kile kifaa cha mpini chenye ukanda wa mpira wa kuondolea maji, kutoka juu kwenda chini, nyuma yake inabaki mistari miwili, myembamba kama uzi wa kushonea, imenyooka kama imepigwa rula. Nikaongeza sabuni. Mistari ikabaki palepale, na kioo kizima kikapata ukungu. Nikachukua tambara kavu nikaisugua ile mistari, ikageuka mawingu. Mwisho wa mwezi nikakatwa mshahara wa siku mbili, karatasi ikaandikwa "kazi chini ya kiwango". Siku ile nilirudi nyumbani kwa miguu. Nauli nilikuwa nayo, ila sikutaka mtu anione kwenye gari nikilia.

Wiki iliyofuata, mzee mmoja aliyekuwa akifanya vioo vya nje alisimama nyuma yangu. Wote tulimwita Babu. Alinitazama nikivuta njia mbili tatu, yaani nikipitisha raba mara mbili tatu, hakusema kitu. Kisha akaomba raba yangu. Akaigeuza, akaielekeza kwenye mwanga, akafumba jicho moja. Halafu akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya makali ya raba, polepole, kama mchinjaji anavyopima kisu. Ukucha ukakwama. Akausogeza mbele kidogo, ukakwama tena. Akaniambia, "Mwanangu, raba yako ina mapengo mawili, na kioo chako kina mistari miwili. Wewe unagombana na kioo cha nini?"

Mapengo mawili, mistari miwili. Tangu siku ile sijaufuta mchirizi kabla ya kuusoma, na ndilo ninalotaka mtoke nalo hapa leo. Kila mchirizi una sura yake, na sura hiyo inakwambia kosa liko wapi. Ukikimbilia kuufuta, umemfukuza shahidi kabla hajatoa ushahidi, na njia inayofuata atarudi yuleyule.

Tuelewane kwanza raba inafanya nini. Wengi tunadhani raba ndiyo inayosafisha kioo. Hapana. Kinachosafisha ni maji, sabuni na ile mopa ya manyoya unayosugulia. Hapo ndipo vumbi linalegea na mafuta ya vidole yanaachia. Raba inakuja baada ya hapo, na kazi yake ni moja tu, kuyasukuma maji yote yatoke pamoja na uchafu uliomo ndani yake, kabla hayajakauka. Mchirizi basi ni maji yaliyoachwa nyuma. Yamekauka, yakaacha kilichokuwamo. Ukiuona, jiulize maswali mawili: maji haya yamebakije, na ndani yake mlikuwa na nini?

Uzi mwembamba ulionyooka, kama ule wangu, jibu lake liko kwenye makali ya raba. Ama pana pengo, ama pamenasa chembe ya mchanga au unyuzi wa tambara. Vua raba, ifute, pitisha ukucha. Kama ni chembe, itatoka na njia inayofuata itakuwa safi. Kama ni pengo, hakuna ujanja, hata uvute kwa upole wa aina gani maji yatapita pale. Igeuze raba utumie upande wa pili. Na upande wa pili ukichoka, ni raba mpya.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu nimeona watu wanakithamini chuma kinachoishika raba na kuisahau raba yenyewe. Zamani kule Marekani watu wa vioo walikuwa na kifaa cha chuma cha pua, kizito, chenye raba mbili, na ili ubadilishe raba ulipaswa kufungua skrubu 12. Fikirieni, uko juu ya ngazi, raba imekatika, unaanza kufungua skrubu 12! Ni nani angebadilisha? Watu walikuwa wanavuta hivyohivyo na mistari yao. Alikuwapo mhamiaji mmoja kutoka Italia, Ettore Steccone, mwenyewe fundi wa kuosha vioo huko Oakland, California. Mwaka 1936 alibuni kifaa chepesi cha shaba njano, chenye umbo la herufi T na raba moja. Hizi tunazoshika leo ni watoto na wajukuu wa kile chake. Mtu wa kazi kama sisi, aliyejua mahali palipokuwa panamuuma, alitengeneza kifaa kizima kwa ajili ya ule ukanda mdogo wa raba. Mpini, chuma na kila kitu kingine vipo ili kuishika raba inyooke, basi.

Kwa hiyo itunzeni. Makali yake yanatakiwa yawe ya pembe, yakiguswa yaume kidogo. Yakishakuwa mviringo, raba inapanda juu ya maji badala ya kuyasukuma. Ikiwa ndani ya chuma chake, itokeze kidogo kila upande, kama milimita 3, ili ifike pembeni kabisa mwa fremu bila chuma kukwaruza. Usiilaze ndani ya ndoo imeegemea makali yake, itapinda. Usiianike juani, jua la mji huu linaipasua. Usiiweke karibu na mafuta, wala kwenye ndoo yenye dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Ukimaliza kazi ioshe kwa maji matupu, ifute, itundike kivulini. Kila unapomaliza njia moja, ifute kwa kitambaa kabla ya kuanza njia nyingine. Kila njia, narudia. Kijana atasema namchelewesha. Mimi nasema hesabu muda unaoutumia kurudia kioo.

Sasa kuna mchirizi mwingine, mpana, unaosimama katikati ya njia mbili kama barabara. Huu hauhusiani na mapengo. Ni kwamba njia ya pili haikuipanda ya kwanza. Maji yaliyosukumwa pembeni na njia ya kwanza yamekutana na ukingo wa njia ya pili, yakabaki. Panda juu ya njia iliyopita kwa upana wa vidole vitatu, sentimita 5 hivi, na uilaze raba kidogo ili ncha ya upande uliokauka itangulie. Maji yataelekea upande ambao bado umelowa, hayatarudi ulikotoka.

Na mkono wako usikandamize. Nimewaona vijana wenye nguvu wanakandamiza raba mpaka inajikunja na chuma kinagusa kioo. Ukikandamiza, raba inalala, makali yanapotea, inaanza kuruka na kutoa mlio. Ukisikia mlio wa kuruka, tazama kioo, utaona alama zilizopangana kama ngazi. Ama umekandamiza, ama kioo kimekauka na sabuni imeisha utelezi. Punguza mkono, lowesha upya. Mpini uusogeze karibu na kioo kidogo, raba ikae mshazari, na mwendo uwe mmoja bila kusimama katikati. Ukisimama, pale uliposimama pataandikwa mstari.

Machozi yanayotiririka kutoka juu mnayajua. Umemaliza kioo kimeng'aa, umegeuka kuchukua ndoo, ukitazama tena tone limeshuka kutoka kwenye fremu na kuacha njia yake mpaka chini. Hilo si kosa la mkono. Ni kwamba hukuanza na ukingo mkavu. Kabla ya kuvuta, futa kwa kitambaa ukanda mwembamba juu kabisa, pale kioo kinapokutana na fremu, upana wa vidole viwili. Raba ianzie kwenye ukavu iingie kwenye maji. Ikianzia kwenye maji inachota yale yaliyojificha ndani ya fremu. Na haya madirisha ya alminiamu ya kuteleza ndiyo mabaya zaidi, maana ile mipira yake ya pembeni inashika maji kama sifongo, na reli yake ya chini imejaa mchanga. Wavu wa mbu nao usiuseme! Fremu, reli na wavu vifanywe kwanza, kioo kiwe cha mwisho. Mtu anayeosha kioo kisha akapangusa wavu ameanza safari kwa kurudi nyuma.

Nimefika kwenye ukungu. Hapa naomba utulivu wenu, kwa sababu Dar es Salaam nzima inaumwa ugonjwa huu.

Kioo umekivuta vizuri, hakina uzi, hakina barabara, hakina chozi. Lakini ukisimama pembeni ukakitazama kwa mshazari, kimefunikwa na utando mweupe kama pumzi ya mtu. Swali la kwanza, maji hayakubaki mengi. Swali la pili sasa: ndani yake mlikuwa na nini? Mara nyingi ni sabuni, na mara nyingi mkosaji ni huruma. Tunaionea huruma kazi, tunamimina. Ndoo ya lita 10 inatosheka na kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya kuoshea vyombo. Kimoja. Sabuni haipo pale kwa ajili ya povu, ipo ili maji yasambae na raba iteleze. Povu likiwa jingi mpaka huoni maji, umeshapaka kioo sabuni, hujakiosha.

Na ni sabuni gani? Sabuni ya mche usiikune ukaitia kwenye maji ya vioo. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi na chokaa, na sabuni ya mche ikikutana na chokaa inaganda, inakuwa ule utando unaoganda pembeni mwa beseni la kufulia. Huohuo unaupaka kwenye kioo cha bosi. Hata sabuni ya maji ya kupima, inayouzwa mtaani kwenye chupa za maji, iangalieni sana. Baadhi ya watengenezaji huongeza chumvi ili iwe nzito. Kwa vyombo haina neno, unasuuza. Kwa kioo ambacho husuuzi, chumvi ile inabaki.

Na maji yenyewe je? Maji ya bomba yanayotoka mto Ruvu hayana chumvi kama ya visima. Majengo yenye yote mawili, ombeni ya bomba kwa ajili ya vioo hata kama ni ndoo mbili tu. Msimu wa masika kingeni maji ya mvua, baada ya paa kuoshwa na mvua za kwanza. Yanafaa sana. Nilifanya kazi na dada mmoja aliyekuwa akificha madumu manne ya maji ya mvua stoo, anayatumia kwa vioo vya mlango mkuu tu. Tulimcheka. Lakini vioo vyake ndivyo walivyokuwa wanapigia picha wageni.

Vioo vinavyotazama bahari vina chumvi yao nyingine, inayokuja na upepo. Ikishika, inachanganyika na vumbi. Kosa kubwa ni kuanza kusugua moja kwa moja. Mule mna mchanga, na mchanga unakwaruza kioo, na mkwaruzo hakuna atakayeuondoa kwa sabuni. Mwaga maji kwanza, uache chumvi iyeyuke na mchanga uteremke, kisha ndipo mopa iguse. Tena maji yabadilishwe mara kwa mara. Yakishakuwa na rangi ya chai unahamisha uchafu tu.

Kama kuna madoa meupe ya zamani, ya maji ya kisima yaliyokaukia kioo mwaka mzima, chokaa ile haitoki kwa sabuni. Paka siki, subiri dakika chache, sugua kwa sifongo laini, suuza. Siki inaila chokaa. Angalieni tu isidondokee kwenye vizingiti vya marumaru ya jiwe, maana na hilo jiwe ni la jamii ya chokaa, siki italila vilevile. Na vioo vilivyobandikwa tinti visiguswe na wembe wa kukwangulia hata siku moja.

Nimesahau jua, na jua ndilo lililonifanya niwaombe mkumbuke saa. Kioo kilichopigwa na jua ni cha moto. Unalowesha, kabla raba haijafika maji yamekauka, unavuta sabuni kavu. Hakuna ufundi utakaokuokoa. Fuateni kivuli. Bahari yetu iko mashariki, kwa hiyo vioo vya upande wa bahari asubuhi vinaungua, adhuhuri ikipita vinapata kivuli. Vya upande wa Kariakoo na Ilala mfanye asubuhi. Wasimamizi, hili ni lenu zaidi kuliko lao. Msiandike kwenye ratiba kwamba upande wa bahari uwe umekamilika saa tatu asubuhi, halafu mje na makaratasi ya makato.

Kuna swali naulizwa kila mara: mchirizi uko ndani au nje? Mnaoosha wawili mnajua ugomvi huu, wa ndani anamwonyesha wa nje kwa kidole, wa nje anatikisa kichwa. Kubalianeni mapema. Wa nje avute juu kwenda chini, wa ndani avute kulia kwenda kushoto. Mchirizi ukisimama ni wa nje, ukilala ni wa ndani. Ugomvi umekwisha.

Na gazeti? Mama zetu walitulea na gazeti na siki, na dirisha dogo la nyumbani linatoka vizuri, siwakatazi. Ila ukiwa na kioo cha mita mbili, tambara lolote na karatasi yoyote vinahamisha maji kutoka hapa kwenda pale. Tambara libaki kwa kingo tu, na liwe la pamba lililofuliwa mara nyingi, shuka kuukuu, au maikrofaiba. Taulo jipya linatoa nyuzi. Mkononi uwe na vitambaa viwili, chenye unyevu cha kufutia raba, kikavu cha kingo, visibadilishane. Na ukishapangusa kingo ukaona unyevu kama nywele karibu na fremu, uache. Utakauka wenyewe. Ukiufuata kwa tambara utaupeleka katikati.

Ngazi sitazisemea sana kwa sababu kuna somo lake kesho. Nasema tu, kila mita 4 za kwenda juu, mguu wa ngazi uwe mita 1 kutoka ukutani, na hakuna mchirizi wa kuufia.

Wasimamizi wangu, nawaomba kitu kimoja, na nawaomba kwa moyo wangu wote. Kabla hujamkata kijana mshahara kwa sababu ya mchirizi, muombe raba yake. Pitisha ukucha wako. Ukikwama, muulize alipewa lini raba mpya, na jibu lake lisikupite. Nimeona stoo ambazo mpini unabadilishwa kila mwaka kwa sababu unaonekana, na raba haijabadilishwa miaka miwili. Kipande cha raba ni cha bei ndogo kuliko makato hayo. Aliyekatwa mshahara kwa pengo ambalo hakulifanya yeye anaacha kujali, na mkiwapoteza wanaojali mtabaki na vioo vyenu.

Babu alinipa raba yake ya akiba siku ile, bila kunidai. Nikavuta njia ya kwanza. Sikuuona uzi. Nikasogea pembeni nikatazama kwa mshazari, nikaona mtaa mzima ndani ya kioo: magari, mwembe, muuza madafu na baiskeli yake. Nikavuta ya pili.

Saa saba sasa imepita. Vioo vya ukumbi huu upande wa baharini vimeshaingia kivulini, nilikuwa navitazama nikiongea. Ndoo ziko mlangoni, kijiko kimoja kimoja cha sabuni kimeshatiwa. Kila mtu atoe raba yake aliyokuja nayo, apitishe ukucha, na mwenye mapengo aje hapa mbele kwangu kwanza.